Kolisenta na kazi za ofisini za makampuni ya nje: Kusini tunaweza kupata hata kipande?

Mwana Mikindani (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Siku hizi kila kikao cha ajira kwa vijana hapa Mtwara lazima ainuke mtu aseme "fursa za kidijitali zipo, vijana changamkeni". Makofi, maji ya chupa, posho, watu wanatawanyika. Hakuna anayesema ni fursa ipi, anainunua nani, na kwa nini aje kuinunua Ligula wakati Nairobi ipo.

Naomba humu tuijadili moja tu: makampuni makubwa kutoa kazi zao zifanywe na kampuni nyingine, mara nyingi nchi nyingine. Kupokea simu za wateja, kujibu meseji, kuingiza hesabu, kukagua madai ya bima, kuandaa mishahara. Wenyewe wanaiita BPO. Siongelei zile linki za "lipia elfu ishirini uanze kazi leo" zinazozunguka kwenye magrupu. Hizo ni wizi, mjadala wake uko polisi.

India ndio walioifanya ikawa sekta. Katikati ya miaka ya 1990 British Airways na American Express walishaanza kupeleka kazi za ofisini kule, na 1997 General Electric ikafungua kituo Gurgaon, jirani na Delhi, kwa ajili ya kazi zake yenyewe. Kituo kikajifunza kwa pesa ya kampuni mama, 2005 kikajitegemea, leo kinaitwa Genpact na kinamhudumia yeyote mwenye hela. Ishikeni hiyo hatua ya kwanza, ndiyo msingi wa hoja yangu.

Ufilipino walikuja nyuma lakini wakazikamata simu. Marekani iliwatawala kuanzia 1898 hadi 1946, Kiingereza chao hakimsumbui Mmarekani. Sheria yao ya maeneo maalumu ya kiuchumi ni ya 1995, na chini yake hata jengo moja la ghorofa katikati ya mji linaweza kusajiliwa likapata nafuu ya kodi. Kufika 2010 hivi walishaipita India kwa kazi za kuongea na mteja. Mwaka 2023 sekta yao ilikuwa na wafanyakazi kama milioni 1.7 na mapato ya dola bilioni 35 na ushee. 2024 ikafika milioni 1.82 na dola bilioni 38.

Sasa hapa ndipo panaponihusu mimi mtu wa Mtwara. Kazi hazikubaki Manila. Manila ilipojaa, pango likapanda, vijana wakawa wanahama kampuni hadi kampuni kwa nyongeza ndogo tu, wawekezaji wakaanza kwenda Cebu, Davao, Iloilo, Bacolod. Bacolod jamani ni mji wa miwa! Mkoa mzima uliishi kwa sukari kama sisi tunavyoishi kwa korosho, bei ikiyumba kila mtu anayumba. Leo usiku majengo yake yamewaka taa, watoto wa wakata miwa wanaongea na wateja wa Texas.

Watu wanadhani siri ni mshahara mdogo. Mshahara mdogo nchi zote maskini tunao, hauna ushindani. Mnunuzi anataka apate watu mia tano wanaoweza kuanza kazi ndani ya miezi michache, mji mmoja, na hao wakichoka (wanachoka sana) wapo wengine nyuma yao. Ndiyo maana Afrika mchuano ni mkali. Afrika Kusini wana Cape Town na Durban, wanamhudumia Mwingereza. Misri walifungua Smart Village, eneo la makampuni ya teknolojia nje ya Cairo, 2003, wanauza Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano. Morocco wana Kifaransa chao. Kenya walipopata nyaya za intaneti za baharini 2009 walijitangaza mapema, na 2024 kikafunguliwa kituo kikubwa Tatu City, karibu na Ruiru.

Tukijipanga mstari mmoja na hao kwa Kiingereza, tumeshindwa kabla ya filimbi. Hoja yangu ni kwamba tusianze na Mmarekani, tuanze na Dar. Mabenki, makampuni ya simu, bima, ving'amuzi: huduma kwa wateja zao nyingi zimejazana Dar, kwenye pango la Dar na foleni za Dar. Mtu anayepiga kutoka Tunduru kuuliza muamala uliokwama hajali anayemjibu amekaa Posta ya Dar au Shangani ya hapa Mtwara. Lugha ya kazi hiyo ni Kiswahili, na Kiswahili tunacho cha kutosha. Tukishaiva kwa kazi za ndani kama Gurgaon walivyoiva kwa kazi za GE, ndipo tuangalie nje.

Karibuni. Matusi hapana.

Korosho Ghafi

Nimekaa pale na kahawa yangu. Uzi mrefu lakini nimeumaliza, jambo ambalo silifanyi mara nyingi.

Mzee wa Ghalani

Kijana umeandika vizuri, lakini umeruka mtaro mkubwa. Mei 2024 ulikuwa wapi? Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilipiga, barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga, mabasi yakalala. Hatujamaliza kuulizana, tarehe 12 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zikakatika kwa pamoja, intaneti nchi nzima ikawa ya kubembeleza. Ndani ya mwezi huohuo mmoja tumekosa barabara na intaneti. Na Oktoba 2025, kuanzia siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa siku kadhaa, na hapo hakuna samaki wala nanga ya kusingiziwa.

Mikataba ya kazi hizi ina kipengele cha upatikanaji. Simu isipopokelewa ndani ya muda, unakatwa. Ukikosekana siku nzima, mnunuzi wa London hakuandikii barua ya pole, anaibonyeza tu kazi iende Durban. Ongeza lile tangazo la mamlaka ya mawasiliano, TCRA, la Oktoba 2023 kwamba wenye VPN (njia ya siri ya kupita mtandaoni) wajisajili. Kampuni yoyote ya nje inayokupa kazi inakutaka uingie kwenye mfumo wake kwa VPN, kwao ni kitasa cha mlango. Ukimwambia kitasa kinaombewa kibali, anaanza kukuangalia vingine.

Mwana Mikindani

Shikamoo mzee. Nakubali yote, hata hilo la VPN. Lakini vimbunga havikuanzia kwetu. Desemba 2021 kimbunga Odette kiliipiga Cebu, umeme ukapotea kwa wiki, na Cebu ndiyo ya pili kwa Manila kwenye biashara hii. Hawakufunga sekta. Kazi zilihamishiwa miji mingine kwa muda, majenereta yakanguruma, watu wakalala ofisini. Funzo walilopata wanunuzi ni kwamba kazi yote isikae mji mmoja. Kwa hiyo hata Dar ikitaka usalama wa huduma zake inahitaji kituo cha pili nje ya Dar. Kwa nini kisiwe huku?

Mzee wa Ghalani

Marahaba. Kituo cha pili kinachopumulia mkongo uleule wa kituo cha kwanza ni kituo kimoja chenye viti viwili. Nionyeshe njia ya pili ya intaneti kutoka Mtwara isiyopita Dar, nitakuunga mkono na kadi ya chama nitakukatia.

Anti wa Masasi

Naomba niingie, maana mnazungumzia kazi ambayo wengi wenu hamjaifanya. Mimi nimekaa kolisenta Nairobi, kampuni siitaji, wateja wetu Waingereza.

Alichosema mwanzisha uzi kuhusu watu mia tano ni kweli kabisa. Tulikuwa tunaingia darasani kundi zima, wiki za mafunzo, mtihani wa kusikiliza, wanaobaki wanapewa hedifoni. Faida yetu kubwa ilikuwa saa. London ikiwa saa tatu asubuhi, huku ni saa tano au saa sita mchana, kutegemea majira yao. Unafanya kazi mchana, unalala usiku kama binadamu. Mfilipino anayemhudumia mtu wa New York anaingia kazini saa tatu usiku. Hiyo Mtwara inayo sawasawa na Nairobi, haihitaji mwekezaji.

Sasa kazi yenyewe. Juu ya skrini kuna kisanduku kinahesabu sekunde tangu simu iingie. Kijani, halafu njano, halafu nyekundu. Mteja ni bibi mzee wa Leeds anataka kukueleza kwanza habari za paka wake ndipo afike kwenye bili, na wewe unaona njano. Ukimkatisha, anakupa alama mbaya kwenye maoni. Ukimwacha, nyekundu, timu lida anakuja kusimama nyuma ya kiti. Ukienda chooni unabonyeza kitufe, na dakika za chooni zinajumlishwa mwisho wa wiki. Simu ikikatika huna hata nafasi ya kumeza mate, nyingine imeshaingia. Mchana mzima unaomba radhi kwa makosa ya kampuni ambayo hujawahi kuiona hata geti lake.

Na pesa, tusidanganyane. Januari 2023 jarida la Time liliandika kuhusu Wakenya waliokuwa wanasoma na kupanga maandishi machafu ili kuifundisha mashine ya OpenAI, wale wenye ChatGPT. Mkataba ulitaja dola 12.50 kwa saa kwenda kwa kampuni ya Sama iliyowaajiri. Mfanyakazi mwenyewe alibaki na kati ya dola 1.32 na 2. Sawa, kampuni ina ofisi, umeme, wasimamizi, washauri. Lakini pima mwenyewe umbali wa namba hizo. Kabla ya hapo, 2022, Daniel Motaung aliifikisha Facebook na Sama mahakamani Nairobi kwa kazi ya kuchuja video za kutisha, na 2023 wachujaji wengine zaidi ya 180 wakafungua kesi yao. Watu walikuwa wanaangalia mauaji kuanzia asubuhi hadi jioni.

Kwa hiyo mkutano ujao Mtwara mtu akisema "ajira", asimame mwingine aulize ajira ya kufanya nini na ya kubaki na kiasi gani.

Fundi Mitambo

Wote mnapigania kiti ambacho mashine imeshakikalia. Februari 2024 kampuni ya Klarna ya Sweden ilitangaza kwamba roboti yake ya kujibu wateja inafanya kazi ya watu 700, theluthi mbili ya mazungumzo yote inayamaliza yenyewe. Hisa za Teleperformance ya Ufaransa, kampuni yenye wafanyakazi karibu nusu milioni duniani, zikaporomoka papo hapo. Mwaka 2023 wakubwa walikuwa wanamezana: Teleperformance kaichukua Majorel, Concentrix kaichukua Webhelp. Ukiona tembo wanakumbatiana ujue malisho yamepungua. Na nyie mnataka kuanza leo?

Mwana Mikindani

Mkuu malizia hadithi. Mwaka 2025 bosi huyohuyo wa Klarna alisema ubora ulishuka na wanarudisha watu. Na mwaka huohuo wa roboti, 2024, Ufilipino waliongeza wafanyakazi zaidi ya laki moja. Sikatai kwamba maswali mepesi yanaondoka: salio langu ngapi, nabadilishaje neno la siri. Yanabaki yale ambayo mteja ameshakasirika. Hapo ndipo mashine inapochemsha, hasa kwa Kiswahili cha mtu wa Newala aliyetumiwa hela ya korosho ikaingia kwa mtu mwingine.

Fundi Mitambo

Mwaka mmoja mmoja huo. Tuonane 2030.

Dada Mahesabu

Nawasoma tangu jana nacheka, maana kazi mnayoitafuta Ufilipino mimi naifanya Chuno, sebuleni.

Nilisoma uhasibu hapahapa Mtwara. Nina wateja Dar: mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye gesti, na wengine wa namna hiyo. Hawawezi kumlipa mhasibu wa kukaa ofisini mwezi mzima, na hawana haja naye. Jioni muuza duka anapiga picha risiti za EFD (zile za mashine za kodi) za manunuzi, ananitumia. Mimi naingiza kwenye Excel, nalinganisha na taarifa ya benki, naandaa ritani ya VAT iwahi tarehe 20. Kazi ni ya macho. Risiti ya EFD ikikaa kwenye joto inafifia, namba ya mlipakodi, TIN, inasomeka nusu. Unakuta 3 au 8? Ukikosea unamnyima mteja wako marejesho. Kuna risiti zina jina la mtu binafsi badala ya duka, hizo zinawekwa pembeni. Kuna muuza duka alikuwa ananichanganyia na risiti za saluni ya mke wa bosi, hilo nalo nilijifunza kuligundua kwa bei.

Hiyo ndiyo BPO, bila hedifoni na bila mtu wa kusimama nyuma ya kiti. Na soko liko hata hapa. Msimu wa korosho ukianza, AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, zinapeleka orodha za wakulima benki: jina, akaunti, kilo. Jina likiwa Hamisi kwenye daftari na Khamis kwenye akaunti, hela ya mzee inakwama, anashinda mlangoni. Mkiwapata vijana makini kumi wa kusafisha orodha hizo kabla ya mnada, mnauza huduma leo, si 2030.

Za nje nilijaribu. Kazi zipo, shida ilikuwa kupokea hela. PayPal kwetu unaweza kulipia vitu lakini kupokea ndiyo mtihani, mpaka uzungukie Payoneer, njia nyingine ya kupokea malipo. Mwenzangu wa Mombasa hana shida hiyo. Mteja wa nje hana muda wa kusikiliza maelezo yako ya kibenki.

Anti wa Masasi

Dada nakupa tano. Ila nikuulize kama aliyetoka huko: hizo risiti, TIN na taarifa za benki za watu zinakaa WhatsApp kwenye simu yako? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023 na Tume yake ipo. Wewe unachakata taarifa za watu kwa malipo. Umesajiliwa?

Dada Mahesabu

Umenishika pabaya, lakini swali la haki. Fomu ninayo, wiki hii inaenda.

Anti wa Masasi

Sikukomoi. Nasema kwa sababu hapo ndipo benki ya Dar itakapowakatalia. Kule tulikuwa tunaacha simu kwenye kabati mlangoni, karatasi na kalamu haviingii, USB zimezibwa. Mtu wa benki akija kukagua Mtwara akakuta kompyuta ya kazi ndiyo hiyohiyo watoto wanayoangalizia katuni, anageuza kwenye boda ileile aliyokuja nayo.

Korosho Ghafi

Kwa hiyo inatakiwa chumba chenye mlango, jenereta au sola, laini mbili za mitandao tofauti, kabati la simu, usajili wa Tume. Hiyo si hela ya kutisha kwa kikundi cha vijana chenye mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake. Bodaboda ngapi tumeshakopeshwa zikafia gereji?

Mzee wa Ghalani

Hapo mmeanza kuongea lugha ninayoielewa. Nyongeza moja: msikae Mtwara mjini wote. Lindi mjini pango bado liko chini, na walimu waliokosa ajira wamejaa. Mtu anayeweza kusahihisha madaftari ya watoto tisini bila kuchanganya majina, orodha ya AMCOS haitamshinda.

Lakini mwanzisha uzi, wazo lako la benki kuhamisha huduma kwa wateja kuja huku bado nalitilia shaka. Si kwa sababu ya vijana. Anayeamua anaishi Dar, na hatahamisha kiti chake. Manila hawakuhamia Bacolod kwa mapenzi, walihama kwa sababu watu waliwaishia. Dar vijana wa kushika simu bado wanapanga foleni hadi getini.

Mwana Mikindani

Mzee hilo limeniingia. Basi nabadili mpangilio, si hoja. Kwanza kazi ndogo za wafanyabiashara na AMCOS kama za Dada Mahesabu, maana hazisubiri uamuzi wa mtu wa ghorofa ya kumi. Kolisenta ije kwa anayebanwa na gharama kweli, nadhani kampuni za bima na mikopo midogo kabla ya mabenki makubwa. Dada, ukipata kazi nyingi kuliko uwezo wako unafanyaje? Unakataa?

Dada Mahesabu

Mwanzoni mwa mwezi nakataa, ndiyo.

Kijana Lindi

Dada samahani naingilia. Niko Lindi mjini, diploma ya uhasibu, laptopu ninayo, bando nanunua la mwezi. Kama kuna zinazokuzidi naomba nijaribiwe, hata kwa malipo ya risiti moja moja.

Dada Mahesabu

Mdogo wangu njoo PM, tuandikiane faragha. Nitakutumia picha thelathini za risiti za zamani nilizofuta TIN na majina ya wateja, halali kabisa Anti asinifokee. Ndani yake zipo ambazo hazitakiwi kuingia kwenye ritani. Sikwambii ngapi. Niorodheshee ni zipi na kwa nini, kesho kabla ya saa nne asubuhi.